Uso wa Vasundhara Ulipong'aa

Siku ya sita homa ilipomwachia, Tirthamaya hakuomba uji wala maji. Alipapasa chini ya mto akaupata ufunguo, akashika ukuta, akapanda ngazi ya mbao hadi chumba cha ibada, akafungua kufuli na kupiga magoti mbele ya sanamu ya mungu wa kike, Vasundhara. Alichovya kidole katika unga mwekundu, akampaka mungu usoni kama alivyompaka kila alfajiri kwa miezi kumi na moja. Kidole kikateleza.

Akasogeza taa. Uso ule aliujua kwa ncha ya kidole kuliko alivyoujua kwa macho. Wanawake wa nyumba sita walikuwa wameupaka unga mwekundu asubuhi baada ya asubuhi, bibi, wajukuu na vitukuu, hadi ukafunikwa na gamba gumu. Pua ilikuwa kinundu tu, na mdomo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuuona. Sasa pua ilikuwa imechongoka. Kope zilikuwa zimeinama vizuri, dhahabu inang'aa mashavuni, na midomo ilikuwapo, myembamba, inatabasamu.

Tirthamaya hakulipenda tabasamu lile hata kidogo. Akakagua mikono yote sita: huu na suke la mpunga, huu na kitabu, huu na vito, huu na chungu cha neema, mkono wa kutoa, mkono wa kusalimu. Mguu wa kulia ulikanyaga chungu kidogo kama ipasavyo. Hakuna kilichopungua, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa sababu mwizi anayeijua kazi yake hasahau mkono.

"Wewe ni nani?" akamwuliza.

Ukweli usemwe: Tirthamaya alikuwa na shaka tangu tumboni mwa mama yake. Muuza maziwa hakumpimia kabla hajachovya kidole na kuonja kama kuna maji. Mwanawe akichelewa kurudi, alinusa koti lake. Lakini safari hii shaka ilikuwa na mahali pa kukaa. Mwaka ule miungu ya mji wetu wa Patan, huku Nepal, ilikuwa inaondoka mikononi mwa wezi. Saraswati wa pale kisimani alikuwa amekatwa kwa msumeno, yamebaki magoti matupu, na watu wanayapelekea maua magoti yale mpaka leo. Ukienda kumsalimu mungu asubuhi, ulikwenda hujui kama utamkuta.

Na Vasundhara huyu hakuwa mali ya Tirthamaya. Alikuwa wa guthi, chama cha nyumba sita za ukoo mmoja wa Shakya, na kila nyumba humkalisha mwaka mmoja kisha humkabidhi nyumba inayofuata. Ng'ambo ya ua, mke wa Joshi humwita Lakshmi na kumletea maua ya manjano, na sisi hatugombani kwa jina. Ila akipotea, hupotea mikononi mwa nyumba iliyomkalisha, na nyumba hiyo hutolewa katika guthi. Hapo ndipo pa kuogopa, maana guthi ndiyo inayotubeba tukifa. Gyanman, mumewe Tirthamaya, alibebwa na guthi miaka mitatu iliyopita, wanaume wote wa ukoo nyuma yake, mpaka mtoni. Na Tirthamaya alikuwa amemwona pia mzee mmoja wa ua wa pili, aliyefukuzwa katika guthi yake, akilala maiti sakafuni kutwa nzima huku wanawe wanazunguka kutafuta wa kumbeba. Walipata wapagazi wa sokoni. Mmoja wao alikuwa anatafuna karanga njia nzima.

Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki kabla ya kukabidhi, na nyumba iliyofuata ilikuwa ya Tejman, shemeji yake.

Alimkuta mkamwana wake Keshari jikoni anachambua dengu. Keshari alikuwa binti wa mji wa Bhaktapur, mwenye miezi minane tu katika nyumba ile, na Tirthamaya hakuchoka kumwambia kwamba kwao wanajua kugandisha mtindi tu, kazi nyingine zote wanasikia kwa jirani. Alikuwa bado hajapewa mafundisho ya siri ya ukoo, kwa hiyo chumba cha ibada aliishia mlangoni. Mkono usiofundishwa haumgusi Vasundhara. Hilo hata mtoto wa ua ule alilijua.

Tirthamaya alimwuliza nani na nani walikuja alipokuwa hajitambui. Keshari akasema mganga alikuja, mke wa Joshi alikuja, na baba mdogo Tejman alikuja siku ya pili. Tejman alipanda juu? Alipanda, kumwombea shemeji yake. Peke yake? Peke yake. Kwa muda gani? Kama wa wali kuiva.

"Na ufunguo alipewa na nani?"

Keshari akaziinamia dengu. "Mimi, mama. Wewe ndiye uliyesema nimpe."

Tirthamaya hakukumbuka kusema. Aliitazama shingo ya yule binti iliyokuwa imepata wekundu, akayatazama macho yasiyotaka kuinuka, akajiambia, haya, huyu naye ameshanunuliwa. Hakuuliza la pili. Aliona mtu ukimwuliza sana hujua kwamba umemshuku, akafunga mdomo na milango yote. Heri umwache, umtazame.

Na alimtazama kweli. Alimtazama akiteka maji, akisuka nywele, akila. Akamfungulia sanduku lake alipokwenda kisimani, akahesabu bangili, asione ya ziada, akasema basi zimefichwa kwingine. Ufunguo akautoa chini ya mto akauvaa shingoni kwa uzi. Mwanawe Hiranya alikuwa Pokhara na mzigo wa vyombo vya shaba, na aliporudi, mama yake hakumwambia neno. Mwanamume anayelala kitanda kimoja na mkewe hana siri ya mama.

Kuhusu Tejman, kadiri alivyofikiri ndivyo mambo yalivyojipanga yenyewe. Tejman alikuwa msubu, fundi wa kumimina sanamu za shaba, kama alivyokuwa marehemu kaka yake. Majira ya baridi alikuwa amekuja na uzi akampima Vasundhara kutoka utosini hadi kisigino, eti mkono wake umeanza kusahau vipimo vya wazee. Kisha akaongeza ghorofa ya saruji juu ya nyumba yake. Kisha mzungu mwenye kamera akaonekana dukani kwake mara tatu. Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa yameshuka mpaka darini.

Tena tazama ujanja wake ulivyokuwa, Tirthamaya alijisemea. Zamu inayofuata ni yake. Siku ya makabidhiano atampokea mbele ya wazee, atamgeuza kwenye mwanga, atashtuka, atasema, "Jamani, huyu siye." Na wezi watakuwa mjane wa Gyanman na mwanawe. Yeye Tejman atakuwa na Vasundhara wa kweli amekwisha kumsafirisha, na nyumba ya kaka yake imekwisha.

Siku nne kabla ya sikukuu ya makabidhiano, Tirthamaya akabeba bakuli la mtindi kama mtu anayepeleka shukrani, akaenda karakana kwa Tejman. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Tejman alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu imekunjwa, anachonga nta iwe kiolezo cha shaba. Mbele yake alisimama mungu wa kike wa nta, bado hana kichwa, na upande mmoja wa bega ilichomoza mikono mitatu. Alipomwona shemeji yake tu, akavuta kitambaa kibichi akamfunika.

"Shemeji, umefufuka," akasema. "Nilishaanza kukufanyia hesabu ya kuni za kukuchoma."

"Utangoja sana. Huyo ni nani?"

"Nta tu."

"Naona ni nta. Nimeuliza ni nani."

"Ni wa mteja." Akaonja mtindi. "Huu ni wa Keshari. Mkono wako hauna utamu huu."

Tirthamaya akacheka pale panapotakiwa kucheka, akaondoka. Huyu alikuwa mke wa msubu kwa miaka thelathini. Alijua kwamba siku ya jua nta hufunikwa kitambaa kibichi isije ikalegea, na kwamba msubu hufanya hivyo bila hata kufikiri, jinsi mama anavyomfunika mtoto kichwa. Siku ile elimu yote hiyo ilimtoka. Aliona mikono mitatu na kitambaa, akarudi nyumbani na hukumu mkononi.

Sikukuu ilipofika, wanawake wa nyumba sita walivaa manjano, wakafunga kutwa nzima, wakafungwa uzi wa manjano mikononi. Alasiri wakakusanyika uani. Mzee Kulratna, mkubwa wa guthi, alikalishwa kwenye mkeka na sikio lake zima limeelekezwa kwa watu. Kuhani, Guruju Nareman, alimaliza sala zake. Tirthamaya akateremka ngazi na Vasundhara mikononi amefunikwa kitambaa cha hariri, na nyuma yake Keshari amebeba sinia la taa. Tejman akasogea, akanawa mikono, akainyoosha.

Tirthamaya akasimama. "Sikupi."

Tejman akabaki na mikono hewani. Mzee Kulratna akauliza amesema nini, na mtu akamrudia sikioni. Tirthamaya akavua kile kitambaa, akauelekeza uso wa mungu kwa watu. Jua la alasiri likaupiga, na wanawake wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Huyu si Vasundhara wetu," akasema. "Wetu ameibwa mimi nikiwa na homa. Huyu amesubiwa juzi."

"Na nani?" akauliza Kulratna.

"Muulizeni aliyempima kwa uzi. Muulizeni aliyepanda juu peke yake, akakaa mpaka wali ukaiva."

Tejman alianza kwa kucheka, akijua shemeji yake ana ulimi. Kisha akamtazama machoni na kicheko kikafa. "Shemeji, unanitania?"

"Nimekutania lini?"

"Mimi ningekuwa na mkono wa kumsubu huyu," Tejman akasema polepole, "ningekuwa nachonga vinara vya kuuzia watalii? Hebu nipe nimwangalie."

"Usimguse. Ukimshika tu atabadilika tena."

Ua ukachafuka. Bibi mmoja akaja na macho yake mabovu, akaupapasa uso, akalia kwamba siye, huyu ana mdomo. Mwingine akashika miguu, akaapa kwamba miguu ni yake. Wengine wakasema ghorofa ya saruji kweli ilijengwa haraka. Na kwa kuwa mdomo ule hakuna aliyewahi kuuona, hakuna aliyeweza kuutolea ushahidi. Mke wa Tejman akasema kwamba mjane huyu ana wivu tangu siku ya saruji. Hiranya akamshika mama yake kiwiko, anamwomba kwa sauti ya chini anyamaze, na mama yake akajiuliza, huyu naye anaogopa nini?

Guruju Nareman akainua mkono. Alisema liko jambo moja la kuamua. Chini ya kiti cha Vasundhara kuna bamba la shaba, na bamba hilo lilifungwa na wazee siku walipompa uhai. Ndani waliweka vitu vyao na maneno yao. Mwizi aweza kuiga mikono na uso, lakini hawezi kuiga kilichomo tumboni, kwa kuwa hakuna aliyekiona. Bamba lifunguliwe. Ila kwanza uhai wake uhamishiwe katika mtungi wa maji, ungoje humo, kama inavyofanyika mungu anapotengenezwa. Na siku nzuri ya kazi hiyo haikuwa karibu. Ilikuwa mwezi wa Magh, miezi mitano mbele.

"Miezi mitano akae kwa nani?" Tirthamaya akauliza. "Kwangu nimechoka kulala na ufunguo shingoni. Kwake simpeleki. Na huo mtungi nao utalala nyumba ya nani, na nani ataulinda?"

"Ndivyo ilivyo kanuni," Guruju akasema.

"Kanuni ni ya mungu, Guruju. Huyu ni bandia. Bandia ana uhai gani wa kuhamishwa?"

"Na kama si bandia?"

"Basi mimi nibebe lawama."

Kulratna aliomba arudiwe maneno yale mara mbili. Kisha akajiinua kidogo kwenye mkeka. "Binti, sikiliza. Ukifungua bila mtungi, na ikawa ni yeye, utakuwa umemtoa roho. Mimi nina miaka themanini na minne na sijaona mtu akilifanya hilo. Umekubali?"

Nyuma ya Tirthamaya taa zikawa zinagongana kwenye sinia. Alizisikia. Alifikiri, sawa, mshirika wa mwizi ameanza kutetemeka, na hilo likampa nguvu.

"Nimekubali," akasema.

Tejman ndiye aliyekuwa na vifaa, lakini Tirthamaya hakukubali vifaa vyake wala mkono wake. Ikaletwa patasi kutoka ua wa pili. Guruju alimlaza Vasundhara kifudifudi juu ya kitambaa cha manjano, akakaa muda mrefu bila kufanya kitu, midomo inacheza. Hatimaye akatia ncha ya patasi ukingoni mwa bamba, akagonga. Mara ya tatu bamba likaachia.

Kwanza zilimwagika punje za mpunga, nyeusi, nyepesi kama maganda. Kisha kipande cha nguo iliyokuwa nyekundu zamani. Kisha karatasi iliyosokotwa, nene, rangi ya chai. Guruju akaifungua kwa kucha, ikawa inachanika huku anaisoma. Maandishi yalikuwa ya kale, ya makuhani tu. Yalitaja wanaume saba waliomchangia mungu shaba na dhahabu, na wake zao saba, mmoja mmoja kwa jina, na mwishoni yaliutaja ua huu huu waliosimama. Hewa ya mvua ikaingia katika ile karatasi na nusu yake ikawa vumbi mikononi mwa Guruju.

"Ni yeye," Guruju akasema. Akafuta mikono. "Alikuwa yeye."

Wanawake wakaketi chini, mmoja baada ya mwingine, kama wanavyoketi msibani. Mtu akafungua uzi wa manjano mkononi mwake, na wengine wakamfuata. Tirthamaya alibaki amesimama peke yake. Alikuwa anayatazama yale majina saba ya wanawake, yaliyolala gizani miaka mia tatu au mia nne bila kusumbuliwa na mtu, na sasa yanapeperuka uani kwa sababu yake. Alitamani ardhi immeze, ila ardhi haina huruma hiyo.

Kulratna hakupandisha sauti. "Kama ni yeye," akasema, "gamba lake limekwenda wapi? Nani amemsugua?"

Sinia likaanguka. Tirthamaya akageuka, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja akamtazama mkamwana wake bila kumvizia. Akaona mtoto wa miaka kumi na tisa, midomo imepauka, mikono imebaki mbele ikishika sinia ambalo halipo. Akajua. Hakuhitaji kuambiwa. Yote aliyoyasoma siku zile, shingo nyekundu, macho ya chini, ukimya, aliyasoma sawasawa, ila kitabu hakikuwa kile alichodhani.

Akajua pia litakalofuata. Mkono usiofundishwa umemgusa Vasundhara. Kabla jua halijazama Keshari angekuwa kwenye njia ya Bhaktapur na sanduku lake, na hakuna mtu pale uani ambaye angemtetea, hata Hiranya. Na mjane wa Gyanman angepata mtu wa kugawana naye lawama, pengine wa kubeba nusu na zaidi. Mlango ulikuwa wazi. Alichotakiwa ni kunyoosha kidole.

"Mimi," Tirthamaya akasema.

"Wewe?"

"Ni mimi niliyemsugua. Nilikuwa na homa. Sikujua nilichokifanya, na nilipopona sikukumbuka."

Watu wakatazamana. Kumbe mwanamke huyu amesugua mwenyewe, amesahau mwenyewe, kisha amemwita shemeji yake mwizi mbele ya ukoo mzima na kumtoa mungu roho ili kuthibitisha. Hata waliomwonea huruma wakaacha. Mke wa Tejman akatema mate pembeni.

Tejman alikuja hadi mbele yake. Hakuwa na hasira usoni, na afadhali angekuwa nayo. "Miaka thelathini umenipakulia chakula, shemeji," akasema. "Homa ilikusahaulisha na hilo?"

Hukumu ilikuwa fupi. Vasundhara itabidi azaliwe upya. Afanyiwe yote anayofanyiwa binadamu: kuzaliwa, kupewa jina, kulishwa wali wa kwanza, kuozwa, siku baada ya siku, makuhani wakisoma, na siku hiyo ya kuanza itafutwe kwenye nyota. Huenda mwaka mmoja. Huenda mitatu. Mpaka siku hiyo nyumba ya Tirthamaya iko nje ya guthi. Haitaalikwa, haitaketi na wenzake, na mtu akifa humo guthi haitakuja. Kulratna alipofika hapo alitazama mkeka, maana Gyanman alikuwa mtoto wa nduguye.

Hiranya hakupanda na mama yake. Alitoka nje ya ua bila viatu, hakusema anakwenda wapi.

Jikoni kulikuwa na chakula cha kufungulia saumu, kimepikwa tangu asubuhi kwa ajili ya furaha. Tirthamaya akakaa. Keshari akabaki mlangoni.

"Taa iliniangukia, mama," Keshari akasema bila kuulizwa. "Siku ya tatu. Ulikuwa huamki, Hiranya hayupo, na asubuhi mbili alikuwa hajapakwa unga wala kupewa maua. Nikaona atakaa na njaa. Nikachukua ufunguo. Mafuta yakamwagika, moto ukashika pazia la nyuma yake, nikauzima na kutundika pazia jingine kama lile, lakini yeye alikuwa mweusi wote, uso wote masizi. Nikamsugua kwa majivu na maganda ya tunda kali la lapsi, kama tunavyosugua vyombo nyumbani. Masizi yakatoka, na ule wekundu ukatoka nao. Sikujua kama utatoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza ningesema. Nilikuwa nangoja uniulize." Akafuta pua kwa kiganja. "Hukuniuliza. Ulikuwa unanitazama tu."

Tirthamaya alizipitia zile siku kumi na moja, moja moja, akitafuta japo saa moja ambayo angeweza kuuliza na hakuweza, akaikosa. Neno moja jikoni lingetosha. Angegomba, angepiga kelele, angemwita mtoto wa mtindi, kisha wangepanda wote wawili wakampaka mungu unga mpya, na kwa Guruju wangekwenda kimyakimya na zawadi ya mayai na samaki. Badala yake alifungua sanduku la msichana akahesabu bangili.

Akachukua sahani, akapakua mchele uliopondwa, maharage meusi, kipande cha tangawizi na yai. Katika nyumba ile mkamwana alikula wa mwisho, kilichobaki, baada ya wote. Tirthamaya akaiweka ile sahani mbele ya mahali pa Keshari, ya kwanza kabisa, kabla ya yake mwenyewe.

"Kaa ule. Umefunga tangu alfajiri."

Keshari akakaa, hakugusa kitu. "Kwa nini umesema ni wewe?"

"Nimesema tu."

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Sitaki kitu."

"Hakuna mtu asiyetaka kitu. Wewe mwenyewe husema hivyo kila siku." Alilisogeza lile yai kidogo kwa ncha ya kidole, akalirudisha. "Unataka niondoke mwenyewe? Au unamngoja Hiranya arudi ndipo umwambie?"

"Keshari. Kula."

"Tangulia, mama."

Ingeweza kuwa adabu. Mkamwana yeyote angesema vivyo hivyo. Lakini Tirthamaya aliyaona macho ya yule binti yakitoka kwenye sahani kuja mikononi mwake, yakirudi kwenye sahani, na macho ya namna hiyo aliyajua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote Patan. Alitamani kusema nisamehe, akaona nalo litaonjwa kama maziwa.

Basi akanyoosha mkono, akachota katika sahani ya Keshari mchele, harage na kipande cha yai, akatia mdomoni. Akatafuna taratibu, mdomo hadharani, akameza, akangoja.

Keshari akaanza kula, kidogo kidogo, huku akiitazama mikono ya mama mkwe wake.